Wati 1000 zilizomaliza betri ya baba

Krismasi ya mwaka juzi nilimnunulia baba sabufa. Nyumbani ni Rungwe, ukifika Tukuyu unachukua bodaboda kama nusu saa hivi, nguzo za umeme hazijafika kwetu kwahiyo tunatumia paneli mbili na betri moja ya 12V ya Ah 50, inawasha taa nne, inachaji simu, na redio. Baba ni mtu wa redio na kwaya, akitoka kukamua asubuhi anaiwasha na inakaa hivohivo mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Alikuwa na kiredio kimechoka, sauti ya puani, nikasema hapana, mzee huyu amenisomesha kwa chai na parachichi, acha na yeye asikie muziki mnene. Boksi mbele limeandikwa kwa herufi za dhahabu 1000W. Nikalipa, pale Uyole nikaipakia kwenye Coaster, nikaipakata mwenyewe mpaka Tukuyu.

Wiki mbili baadaye simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo redio yako nzuri, watu wanaisifia, ila inakula. Jana imezima hata habari hazijaanza."

Nikajua ni betri imezeeka, nikatuma hela akanunua nyingine, na hiyo hela ilikuwa ya mbolea. Ikawa vilevile. Machi ikaingia, na mvua za kwetu mnazijua, unaweza kukaa siku nne hujaliona jua sawasawa, paneli zinaleta kidogo tu, baba akarudi kwenye kiredio chake cha puani na sabufa ikafunikwa kitambaa cha kudarizi ikawa kama meza. Nilivyoenda Pasaka nikaikuta imewekewa chupa ya chai juu. Iliniuma sana, nikaibeba nikarudi nayo Mbeya, na tangu hapo nimesoma hii kitu ya spika kwa nguvu zangu zote, na leo naandika kwa sababu naona watu wengi bado wananunua kwa kuangalia wati tu kama mimi.

Nilianzia kwa fundi mmoja Mwanjelwa, mtu mzima, kibanda chake kimejaa redio zilizovuliwa nguo. Nikamweleza. Hakufungua hata amplifaya. Alichukua betri moja ya rimoti, ile ndogo ya 1.5V, akaunga vipande viwili vya waya. Chini ya meza akavuta spika moja ya inchi 12 iliyotoka kwenye boksi la zamani la ukumbini, karatasi yake nyeusi nyembamba kama ya bahasha, pembeni imeshikwa na kitambaa kilichokunjwakunjwa, nyuma sumaku pana kama sahani ya chai. Akagusisha waya: PA! Koni, yaani ile karatasi, ikaruka mbele, mpaka mtu wa kibanda cha pili akageuka. Afu akachukua kile kispika cha pembeni cha sabufa yangu, kina raba nene, sumaku kama kizibo cha chupa ya maji, akagusisha betri ileile: tik. Basi.

"Betri ni moja," akasema. "Sasa niambie mdogo wangu, hapo nani anafanya kazi na nani anakula bure?"

Hapo ndo nikaelewa kwa masikio kabla sijaelewa kwa hesabu. Ile betri kwenye spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani, jinsi spika inavyouzuia umeme) inatoa kama robo ya wati. Robo ya wati imemgeuza mtu wa kibanda cha pili!

Sasa ile namba inayoonyesha hii tofauti inaitwa sensitiviti, mi naiita wepesi wa kuitika, maana ndo yenyewe: ukiiita spika kwa umeme kidogo inaitika kwa sauti gani. Wanaipima hivi, wanaipa spika wati 1, wanaweka maiki mita 1 mbele yake, wanasoma desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika nyingi za nyumbani siku hizi zinacheza kwenye 84 mpaka 90. Spika za ukumbini za karatasi nyepesi zinafika 95 na kuendelea. Zile honi za msikitini na za magari ya matangazo zinapita 105, ndo maana unaweza kukaa bondeni ukasikia adhana ya kilimani na amplifaya yenyewe ni ndogo tu.

Ukiangalia 84 na 95 unaona ni namba mbili zinazokaribiana, kumbe hapo ndo tunapopigwa. Desibeli haziendi kama shilingi. Kila desibeli 3 ni umeme mara mbili. Kila desibeli 10 ni umeme mara kumi, na sikio lako kwa hizo 10 linasikia sauti imekuwa kubwa kama mara mbili tu. Rudia hiyo taratibu: umeme mara kumi, sauti mara mbili. Kwahiyo mtu akikwambia amplifaya yake ni wati 100 na yako ni 50, tofauti ni desibeli 3, utaisikia ila haitakushangaza. Lakini spika ya 95 dhidi ya 84 ni desibeli 11, yaani sauti ambayo spika ya kwanza inaitoa kwa wati 7, ya pili inaitafuta kwa wati karibu 90. Wati 90 kwa betri ya Ah 50, na mvua ya Rungwe!

Afu kuna jambo la ufanisi, ni ndugu wa sensitiviti ila linasema kitu kingine: kati ya umeme ulioingia, kiasi gani kimetoka kama sauti kweli. Mi nilidhani labda nusu, labda robo. Spika ya desibeli 84 inageuza kuwa sauti chini ya robo ya asilimia moja, ni kama 0.16. Ya 95 inafika asilimia 2. Zilizobaki zote ni joto, zinaishia kwenye koili, ule uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa nyuma ya koni. Yaani spika ni pasi ya umeme inayotoa na sauti kidogo. Ukishajua hivo unaelewa kwanini koili zinaungua, na ile harufu ya gundi iliyoungua kwenye sherehe saa sita usiku inatoka wapi. Na kabla haijaungua kuna hasara ya kimyakimya, shaba ikipata joto ukinzani unapanda, koili ikiwa nyuzi 200 ukinzani umeongezeka kama asilimia 70, kwahiyo DJ anaongeza volyumu na sauti haiongezeki, anaongeza tena, inazidi kuwa joto tu.

Kwahiyo wati zilizoandikwa kwenye spika ni nini? Ni uvumilivu. Ni kiasi cha umeme inachoweza kubeba bila kuungua, kama Fuso iliyoandikwa tani 10. Hiyo tani 10 haikwambii kwamba gari linakula dizeli kiasi gani kupanda mlima Kitonga. Na wati zilizoandikwa mbele ya sabufa mara nyingi hata uvumilivu siyo, ni tangazo. Fundi alipoifungua ya kwetu ndani tulikuta aisii mbili za TDA2030, zile chipu za kukuza sauti, mafundi wanazijua, moja ikiwa na afya na umeme wake kamili inatoa kama wati 14. Mbili, 28. Na transfoma ukishika mkononi unajua kabisa hii haiwezi kupitisha hata wati 60. Hizo 1000 ni rangi ya dhahabu. Mi hapo nilikasirika kweli, maana kuna watu wanauza mahindi gunia mbili kununua ile namba.

Nataka nieleze kwanini spika moja ni nyepesi kuitika na nyingine nzito, kwa sababu ukijua hili unaweza kuikagua spika kwa macho hata kama haina karatasi ya maelezo. Ni mambo matatu: uzito wa kinachotembea, nguvu ya sumaku, na upana wa koni. Koni nyepesi inasukumika kirahisi. Sumaku kubwa yenye nafasi nyembamba kwa koili inasukuma kwa nguvu zaidi kwa umeme uleule. Koni pana inashika hewa nyingi, na hewa ni laini mno, ndo ugumu wenyewe ulipo, spika inajaribu kusukuma kitu ambacho hakishikiki, ni kama kupiga kasia kwa kijiko. Honi inasaidia hapo, lile tarumbeta linaifanya hewa ya mbele ya koni ibanwe na ipanuke polepole mpaka nje, kasia linapata maji ya kushika.

Sasa kwanini basi wasitengeneze zote nyepesi? Kuna bwana anaitwa Josef Anton Hofmann, ndo ile H kwenye jina la kampuni ya KLH ya Marekani, alionyesha kitu ambacho wenye fani wanakiita sheria ya chuma: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na sensitiviti kubwa, huwezi kupata vyote vitatu, chagua viwili. Ukitaka boksi dogo lishuke chini, inabidi koni iwe nzito, na koni nzito ni mvivu. Zamani amplifaya za valvu, zile zenye vichupa vya kioo ndani, zilikuwa za wati chache sana kwahiyo spika ilikuwa lazima iitike, maboksi yakawa makubwa kama kabati, Paul Klipsch kule Arkansas mwaka 1946 alikuwa anauza spika ya honi ya kukaa kwenye kona ya chumba, mpaka kuta zenyewe zinakuwa sehemu ya honi. Afu mwaka 1954 Edgar Villchur akatoa boksi dogo lililozibwa kabisa, AR-1, besi inashuka vizuri kwenye kitu unachoweza kuweka kwenye shelfu, ila linakula wati. Baadaye transista zikafanya wati kuwa rahisi, dunia nzima ikahamia kwenye maboksi madogo mazito. Kwa mtu wa Ulaya mwenye umeme ukutani masaa yote hilo siyo tatizo hata kidogo, na wala sisemi spika za 84 ni mbaya, zipo za bei kubwa zenye sauti safi ajabu. Ila sisi wenye paneli tumerudi kwenye hali ya mwaka 1946, wati zetu ni chache na zinahesabika, na spika tunazouziwa ni za mtu asiyehesabu.

Nilitaka kuhakikisha mwenyewe, siyo kusoma tu. Jumapili moja nikatoa vitu uani, hapa Uyole, mbali na ukuta. Ile spika ya inchi 12 nikainunua kwa fundi pamoja na mwenzake, nyuma ya sumaku kuna stika imeandikwa ohm 8, desibeli 95. Nikacheza toni moja ya hezi 400 kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, mita ya umeme nimeiweka AC, nikapandisha volyumu mpaka mita ikasoma 2.83V kwenye nyaya za spika. Hiyo 2.83 siyo ya bahati nasibu, kwenye ohm 8 inatoa wati 1 kamili. Simu ya pili yenye programu ya kupima sauti nikaiweka juu ya stuli mita 1 mbele. Simu haikupi desibeli za kuapia mahakamani, ila kulinganisha vitu viwili sehemu ileile inatosha kabisa. Nikasoma, nikaandika. Nikaweka kispika cha sabufa, 2.83V ileile, tofauti ikaja desibeli 8.

Nikashangaa, nilitegemea zaidi. Nikakaa nikafikiri, mpaka nikageuza kile kispika nikaona ohm 4. Haya! Volti zilezile kwenye ohm 4 siyo wati 1 tena, ni wati 2. Kimepewa mara mbili na bado kimeshindwa kwa 8. Ukirudisha kwenye wati 1 toa 3 nyingine, tofauti ni 11, yaani 84. Hapa naomba usome mara mbili kama unanunua spika mtandaoni, kwa sababu kampuni nyingi zinaandika sensitiviti kwa 2.83V bila kusema ni kwa wati, na spika ikiwa ohm 4 inaonekana nzuri kwa desibeli 3 ambazo amplifaya yako ndo inazilipia. Angalia ohm kwanza, afu desibeli.

Jambo jingine ambalo sijaona mtu akilisema kwa watu wa huku. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15. Koni ikitembea umbali uleule inasukuma hewa pungufu, na kwa hesabu sauti inashuka kama desibeli moja na nusu. Kwahiyo spika ikitoka Kariakoo ikaja Mbeya, Njombe au Makete, inapoteza kidogo kabla hata hujaiwasha. Desibeli moja na nusu siyo kitu cha kulilia, ila ni karibu asilimia 40 ya umeme zaidi kuirudisha, na kwa mwenye betri inahesabika.

Basi, tulichofanya. Fundi alinitengenezea maboksi mawili kwa mbao za paini, makubwa, yanafika kiunoni, maana nilishakubali kwenye ile sheria ya chuma kwamba nachagua sensitiviti na besi kiasi, ukubwa wa boksi nauachia uende, nyumba ya baba ina sebule pana. Spika za inchi 12 ndani, na twita ndogo ya honi juu, ile spika ya sauti nyembamba, yenye kapasita ya kuzuia besi isiiue. Sabufa nikaiacha Mwanjelwa kama vipuri. Amplifaya ni bodi ndogo ya kidijitali ya 12V, inaingia kiganjani, inaunganishwa moja kwa moja na betri kwahiyo hata inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, haihitajiki tena, na inveta peke yake ilikuwa inakula hata kama hakuna kinachocheza. Kwa 12V ile bodi ikisukuma ohm 8 inatoa wati 7 hivi kila upande kabla haijaanza kukwaruza. Wati 7! Jamaa yangu mmoja alicheka akasema unampelekea mzee redio ya mtoto. Nikamwambia hesabu na mimi: 95 ya wati 1, wati 7 zinaongeza desibeli 8 na nusu, tumefika 103 na kitu, kwa mita 1, kwa spika moja. Ndani ya sebule hiyo ni kelele ya kuumiza. Kwa kusikiliza kawaida, watu wanaongea, kwaya inaimba, unatumia sehemu ya wati moja. Zilizobaki zinakaa akiba kwa ajili ya pale ngoma inapopigwa ghafla, maana mpigo mmoja unaweza kutaka umeme mara kumi na zaidi ya ule wa kawaida kwa sekunde ndogo sana, na amplifaya isiyo na akiba ndo hapo inapokata vichwa vya sauti na kuua twita.

Haikukosa dosari, niseme ukweli. Besi ya chini kabisa, ile ya kutikisa kifua kwenye bongofleva, haipo kama ilivyokuwa kwenye sabufa, na mdogo wangu wa kidato cha tatu alilalamika siku ya kwanza. Na spika ikiitika hivi inaitika hata uchafu, bodi ya kwanza niliyonunua ilikuwa na mvumo wa shhhh, kwenye sabufa usingeusikia, hapa ulikuwa unasikika mpaka jikoni, ikabidi ninunue nyingine.

Nilivyofunga nilikuwa na mita mkononi. Sabufa kwa volyumu anayoipenda baba ilikuwa inavuta ampia 4 kwenye betri, pamoja na inveta. Hii mpya, kwa volyumu ileile, na nilimuuliza mama kabisa kama ni sawa na ile ya zamani akasema hii imezidi, ilikuwa inavuta 0.4. Nikaangalia mara tatu nikidhani waya haujashika.

Baba alikuwa amekaa kimya kwenye kiti chake muda wote nahangaika na nyaya. Nikaweka kwaya, ile ya wanaume wanne bila vinanda ambayo anaipenda. Alisikiliza wimbo mzima, afu akanyoosha mkono.

"Huyu wa besi anavuta pumzi," akasema. "Sikuwahi kumsikia anavuta pumzi. Ndaga, asante, mwanangu."

Kesho yake nilirudi Mbeya na gari la alfajiri. Kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu, siku ya tatu hiyo bila jua, na wakati nakunywa chai gizani redio ilikuwa imeshawashwa, ng'ombe wanakamuliwa, nikachungulia mita ya betri ikasoma volti 12.5.